Jinsi ya Kuchagua Lenzi kwa Kamera ya Video Yenye Adapta ya Kina cha Fokasi: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Video wa Kigoma

Kwa muda sasa vijana wanaopiga video za harusi na matangazo hapa Kigoma wamekuwa wakiniletea lenzi ambazo wamekwisha kuzilipia, wakiuliza kwa nini picha inatoka nyeusi, kwa nini ina chembechembe kama mchanga, au kwa nini pembe zake zimezibwa na giza. Karibu kila mara kamera ni nzima na adapta ni nzima. Kilichokosewa ni lenzi yenyewe. Mnunuzi amefuata jina la kampuni, urefu wa zumu au upya wa lenzi, ilhali adapta haijali hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Mwongozo huu ni wa mwenye kamera ya video ambayo lenzi yake haivuliwi, kama Canon HV20, Sony FX1 au Panasonic DVX100, na ambaye amepata adapta ya kina cha fokasi yenye kioo cha ukungu, kama Letus35 au Redrock M2, yaani kifaa kinachofungwa mbele ya kamera ili utumie lenzi za kamera za picha za mnato. Mwenye kamera ya kisasa inayobadilishwa lenzi hahitaji adapta ya namna hii.

Shika jambo moja kabla ya yote. Lenzi unayoifunga mbele ya adapta haipeleki picha kwenye kamera moja kwa moja. Inaitupa juu ya kioo kilichokwaruzwa, mithili ya kioo cha dirisha la bafuni, kisha kamera inakipiga video kioo hicho. Kwa hiyo kila sifa ya lenzi ipimwe kwa swali hili: je, itatupa picha kubwa ya kutosha na yenye mwanga wa kutosha juu ya kioo?

## Vitu vya kuandaa

Tafuta vifaa hivi kabla ya kwenda kununua chochote:

- Kamera yako na adapta yake, pamoja na pete ya kuifungia. Pete ya HV20 ni ya milimita 43, ya FX1 na DVX100 ni ya milimita 72, na ya Panasonic HVX200 ni ya milimita 82.
- Lenzi moja ya milimita 50 (huo ni urefu wake wa fokasi, ulioandikwa juu ya lenzi) ya kuazima, kwa ajili ya kupimia tu.
- Stendi imara ya kamera.
- Futi kamba ya fundi na tepu ya karatasi.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Kitambaa laini, kipulizio cha mpira, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana.
- Runinga au skrini kubwa kuliko ile ya kamera. Skrini ndogo huficha makosa ya fokasi, nawe utayagundua siku ya kumkabidhi mteja kazi.

## Hatua ya 1: Pima eneo la kioo ambalo kamera yako inaliona

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua ununue lenzi ya milimita ngapi.

Funga adapta, funga lenzi ya kuazima, kisha weka kamera juu ya stendi. Zima otofokasi ya kamera. Sogeza zumu ya kamera mpaka kingo nyeusi za kioo cha ukungu zitoke nje ya picha. Ikiwa adapta yako ina mota ya kutikisa kioo, izime kwa muda na urekebishe fokasi ya kamera mpaka uzione chembechembe za kioo kwa ukali. Hapo kamera inatazama kioo chenyewe. Washa mota tena, na kuanzia sasa usiiguse zumu ya kamera wala fokasi yake. Fokasi yote itafanywa na lenzi ya mbele.

Sasa elekeza kamera ukutani, lenzi ikiwa sentimita 200 kutoka ukutani. Weka fokasi, kisha mwambie mwenzako abandike vipande vya tepu mahali ambapo picha inaanzia kushoto na inapoishia kulia. Pima umbali kati ya vipande hivyo. Zidisha upana huo kwa 50, halafu gawanya kwa 200. Jibu ni upana wa eneo la kioo kwa milimita.

Mfano: ukutani unaonekana upana wa sentimita 96. Zidisha kwa 50, upate 4,800; gawanya kwa 200, upate 24. Kamera yako inaona takriban milimita 24 za kioo. Kama ungeona sentimita 144, eneo lingekuwa milimita 36, yaani upana kamili wa picha ya filamu ya kamera za mnato.

Utajua umefaulu endapo picha haina kingo nyeusi na una namba moja uliyoiandika. Namba hiyo ndiyo nitakayoirejelea katika hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Tambua kitako cha adapta

Kitako ni ile sehemu ya chuma ambapo lenzi inajifunga. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kati ya kitako na mahali ambapo picha inatua. Umbali huo ni milimita 46.5 kwa Nikon F, 46 kwa Olympus OM, 45.46 kwa Pentax K na kwa lenzi za skrubu za M42, 44 kwa Canon EF, 43.5 kwa Minolta za zamani zisizo na otofokasi, na 42 kwa Canon FD.

Kanuni ni fupi. Lenzi yenye umbali mrefu inaweza kufungwa juu ya kitako chenye umbali mfupi kwa kuongezewa pete ya katikati inayojaza pengo. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi ya Nikon F itafanya kazi kwenye adapta yenye kitako cha Canon EF kwa pete ya milimita 2.5, na lenzi ya M42 nayo itaingia hapo. Lakini lenzi ya Canon FD juu ya kitako cha Nikon itakaa mbele mno.

Tahadhari: kosa hili halionekani dukani. Lenzi iliyokaa mbele kupita kiasi humwonyesha vizuri mtu aliye umbali wa mita moja, nawe utaondoka umeridhika. Utakapokwenda Kibirizi kupiga mitumbwi iliyo mbali ziwani, utazungusha pete ya fokasi mpaka mwisho wake na mitumbwi itabaki kuwa mabaka ya rangi.

Ikiwa bado hujanunua adapta, ushauri wangu ni kitako cha Nikon F, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

## Hatua ya 3: Hakikisha lenzi ina pete ya tundu inayofanya kazi yenyewe

Tundu la lenzi ndilo linaloamua kiasi cha mwanga unaopita na kina cha fokasi, yaani nafasi ya mbele na nyuma ambayo vitu vilivyomo huonekana wazi. Katika lenzi nyingi za kisasa, tundu huamriwa na kamera kwa umeme au kwa mtaimbo mdogo. Adapta haina umeme wala mtaimbo huo. Lenzi isiyo na pete ya tundu haina wa kuiamuru.

Matokeo hutofautiana. Lenzi za Nikon zenye herufi G hazina pete, na springi yake hulifunga tundu mpaka mwisho, hivyo picha huwa giza tupu lenye chembechembe. Nilinunua lenzi ya namna hiyo kwa muuzaji aliyenihakikishia, “Chukua tu kaka, hii inaingia.” Ni kweli iliingia na kujifunga vizuri, lakini haikunifaa hata kwa dakika moja ya kazi, na fedha ile ilikuwa malipo ya harusi nzima. Lenzi za Canon EF hufanya kinyume: bila umeme tundu hubaki pale lilipoachwa, mara nyingi likiwa wazi kabisa. Unaweza kulipunguza tundu hilo juu ya kamera ya Canon, ukabonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi na kuivua lenzi ukiwa bado umekibonyeza; lakini njia hiyo haifai katikati ya sherehe.

Ndiyo maana napendekeza lenzi za Nikon za zamani zenye pete, zijulikanazo kama AI na AI-S. Springi yake hulipeleka tundu kwenye namba uliyoichagua bila msaada wa kamera.

Jaribio ni rahisi. Shika lenzi mkononi, tazama ndani yake, na zungusha pete. Majani ya chuma yafunguke na kufunga kwa kufuata mkono wako. Baadhi ya lenzi za M42 hazisogezi majani mpaka pini ya nyuma ibonyezwe. Tafuta zenye swichi ya herufi A na M, na uiweke kwenye M. Lenzi za Canon FD hazisogei zikiwa mkononi, hivyo usizilipie kabla ya kuzijaribu zikiwa zimefungwa kwenye adapta yako mwenyewe.

## Hatua ya 4: Chagua tundu kubwa, lakini usilifungue lote

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba za tundu huandikwa f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8. Namba inapokuwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi. Kila unapohama namba moja kwenda mbele katika mpangilio huo, mwanga hupungua kwa nusu. Adapta nayo hula sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye kamera. Lenzi ya zumu inayokuja na kamera za mnato, ambayo huanzia f/3.5 na kuishia f/5.6, ina mwanga wa takriban robo ya ule wa lenzi ya f/1.8 inapoanza, na chini ya sehemu moja ya tisa inapofika mwisho wa zumu. Katika ukumbi wenye taa za rangi, kamera italazimika kukuza mwanga kielektroniki, na picha itajaa vidoa vinavyochezacheza.

Sababu ya pili inaihusu adapta peke yake. Tundu linapozidi kuwa dogo, chembechembe za kioo cha ukungu huanza kujitokeza, pamoja na vumbi lililotua juu yake. Kwa adapta yenye mota, usivuke f/5.6. Kwa adapta ambayo kioo chake kimesimama, ishia f/2.8.

Upande wa pili nao una mpaka. Lenzi ikifunguliwa mpaka f/1.4, picha hulainika kupita kiasi, vitu vyeupe hutoa mng'ao, na kina cha fokasi huwa chembamba mno. Kwa lenzi ya milimita 50 na mtu aliye umbali wa mita 2, kina ni kama sentimita 13 kwa f/1.4, sentimita 19 kwa f/2, na sentimita 38 kwa f/4. Bibi harusi akiinama kukata keki, ametoka nje ya sentimita 13 kabla mkono wako haujaifikia pete. Kwa hiyo nunua lenzi ya f/1.4 au f/1.8, kisha uitumie kati ya f/2 na f/4, au kati ya f/2 na f/2.8 ikiwa kioo cha adapta yako kimesimama.

Je, jua la mchana? Pale mwaloni saa sita, f/2.8 itakupa picha nyeupe tupu. Wengi hukimbilia kuongeza kasi ya shata au kufunga tundu la kamera yenyewe. Usifanye hivyo. Acha shata kwenye 1/50, ambayo inakwenda sawa na fremu 25 kwa sekunde na umeme wetu wa hezi 50. Kulifunga tundu la kamera hakubadilishi kina cha fokasi, maana kina kimekwisha kuamuliwa na lenzi ya mbele, lakini kukizidi huzidisha ukali wa chembechembe na vumbi la kioo. Tumia filta za kupunguza mwanga zilizomo ndani ya kamera, kama zipo, au funga filta ya kupunguza mara 8 mbele ya lenzi, na nyingine ya mara 64 kwa jua kali.

Utajua umefaulu ukipiga ukuta mweupe kwa f/4 (f/2.8 kwa adapta isiyo na mota) na usione chembechembe zozote kwenye skrini kubwa.

## Hatua ya 5: Chagua urefu wa fokasi kwa kazi unazozifanya

Chukua namba uliyoiandika katika hatua ya 1. Upana utakaouona ni namba hiyo, gawanya kwa milimita za lenzi, zidisha kwa umbali. Tuseme namba yako ni 24.

Sebule ya nyumba ya mtaa wa Mwanga au Ujiji, umesimama mita 2 kutoka kwenye kochi: lenzi ya milimita 28 inaona sentimita 171, yaani mama na binti waliokaa pamoja. Lenzi ya milimita 50 mahali pale pale inaona sentimita 96, yaani mtu mmoja na mabega yake. Kanisani, ukiwa mita 10 nyuma ya maharusi, lenzi ya milimita 135 inaona sentimita 178 kwa upana na takriban mita moja kwa kimo. Maharusi wawili wanaingia kuanzia kiunoni.

Anza na milimita 50. Ni nyepesi, hupatikana kwa urahisi kuliko nyingine zote zenye tundu kubwa, na itakufundisha kusogea kwa miguu badala ya kutegemea zumu. Ya pili iwe 28 au 35 ikiwa unafanya kazi ndani ya nyumba, au 85 ikiwa unapiga mahojiano. Kuwa mwangalifu na hiyo 85: kwa f/1.8 na umbali wa mita 2, kina chake ni kama sentimita 6, kiasi kwamba jicho moja laweza kuwa wazi na sikio likafifia. Lenzi pana kuliko milimita 24 ziache, kwa sababu huelekea kuacha katikati ya kioo pakiwa na mwanga kuliko pembeni.

Tahadhari: lenzi zilizotengenezwa kwa kamera zenye sensa ndogo, kama Nikon DX na Canon EF-S, hazitupi picha ya kutosha kufunika milimita 36 kwa 24. Kama namba yako inakaribia 36, pembe zitakuwa nyeusi.

## Hatua ya 6: Kagua lenzi ya mtumba kwa tochi

Lenzi hizi ni za zamani, na hewa ya ziwani ina unyevu. Adui mkubwa ni kuvu.

Fungua tundu lote, weka tochi upande wa nyuma, na utazame kutoka mbele kwa mshazari. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui au matawi membamba yaliyoanzia ukingoni. Ikatae lenzi hiyo hata kama bei ni ya kutupa, wala usiiweke kwenye mfuko mmoja na nzima. Vumbi chache ndani si neno. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele nao hauna madhara makubwa. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio unaoharibu picha.

Tazama majani ya tundu. Yakiwa na mafuta yatanatana na kuchelewa. Kisha zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho: iwe laini, isiyolegea na isiyokwama. Safari ndefu ya pete ni sifa njema, kwa kuwa inakupa nafasi ya kurekebisha taratibu huku video inaendelea. Lenzi nyingi za otofokasi zina safari fupi sana, na mguso mdogo hurusha fokasi mbali.

Nyumbani, hifadhi lenzi ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu. Mikoba ya ngozi iliyokuja nayo haifai. Ngozi hutunza unyevu, na kuvu hustawi humo.

## Hatua ya 7: Kaa na familia moja

Pete ya fokasi ya Nikon huzunguka kinyume na ya Canon. Ukichanganya, mkono utakosea wakati wa pete za ndoa kuvishwa. Zaidi ya hayo, nyingi za Nikon AI-S zisizo za zumu, kuanzia milimita 24 mpaka 135 na zenye matundu ya kawaida, zina uzi wa filta wa milimita 52. Seti moja ya filta itatosha zote.

## Hatua ya 8: Jaribio la mwisho kando ya ziwa

Chagua siku isiyo na moshi wala ukungu, uende ufukweni asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Elekeza lenzi kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa na uzungushe pete mpaka alama ya mbali kabisa. Milima iwe wazi pale pale kwenye alama hiyo. Ikiwa wazi kabla ya kufika kwenye alama, kitako kimekaa nyuma kidogo. Ikikataa kuwa wazi hata mwisho wa pete, kimekaa mbele. Adapta nyingi zina skrubu ndogo za kurekebisha kitako. Zizungushe robo kwa robo, ukitazama skrini kubwa.

Usishtuke picha ikiwa juu chini. Adapta zisizo na prizimu, yaani kioo cha kuigeuza picha iwe wima, huiacha kichwa chini, nawe utaipindua wakati wa kuhariri.

Rudi jioni. Hapa kwetu jua linazama ng'ambo ya maji, mbele ya lenzi kabisa, na wateja wote wanaitaka picha hiyo. Lenzi za zamani hufunikwa na weupe zinapolitazama jua, hivyo funga kofia ya kukinga jua mbele ya lenzi, na umweke mtu wako alizibe jua kwa kichwa chake. Piga kwa f/2, f/2.8 na f/4, ukitaja namba kwa sauti ili uisikie wakati wa kutazama.

Kwenye runinga, angalia mambo matatu: nywele za mtu ziwe zimechongeka, anga isiwe na chembechembe, na pembe zisiwe na giza kuliko katikati. Namba ya tundu iliyotimiza yote matatu iandike kwenye kipande cha tepu ubandike juu ya lenzi. Kisha bandika kipande kingine kwenye pete ya zumu ya kamera ili isisogee, kwa sababu ikisogea hata kidogo itakubidi uanze tena hatua ya 1.